Maji Machafu ya Nyumba ya Raivo

Mafundi wakiondoka ndipo kazi inapoanza, na asiyelijua hilo hajawahi kukarabati hata banda la kuku. Wao hupokea pongezi, wakafunga mifuko yao, wakaenda. Wewe unabaki na vumbi la saruji katika kila ufa, matone ya chokaa sakafuni, misumari iliyopinda, na vipande vya sigara ndani ya sinki jipya ambalo wewe mwenyewe hujaoshea hata kijiko. Kwa hiyo Hanta aliponigongea mlango asubuhi ile, ufagio mkononi na kitambaa kichwani, sikumuuliza anataka nini. Nilikwenda kutafuta nguo kuukuu.

"Mama analetwa leo, dada Volo," alisema.

"Leo? Si ilikuwa Jumamosi, siku ya kuifungua nyumba?"

"Daktari amewaambia wasingoje Jumamosi."

Sikumchimba. Mtu mzima akiambiwa hivyo anaelewa.

Nyumba ya Mama Raivo iko mashariki ya kwangu, ukuta kwa ukuta, kwenye mteremko unaotazama mashamba ya mpunga. Ni ya matofali mekundu, na ngazi ya mawe inapanda kwa nje mpaka ghorofa ya kwanza wanakoishi. Jiko lilikuwa juu kabisa chini ya paa, kama wazee wetu walivyopenda, ili moshi utafute njia yake bila kusumbua mtu. Lakini magoti ya Mama Raivo yalipoharibika, kupanda huko kupika wali ikawa adhabu. Hanta ndiye aliyekuwa akiishi naye, mtoto wake pekee, hajaolewa wala halalamiki, na ndiye aliyeamua kulishusha jiko lile liwe karibu na kitanda cha mama. Ili lipate nafasi, ukuta wa chumba cha mama ulipaswa kuvunjwa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Ukuta ule marehemu mume wa Raivo aliujenga kwa mikono yake, na haukuwa umenyooka hata kidogo, lakini nani angemwambia? Siku ya ugomvi nilikuwa naanika nguo nikasikia kila kitu, maana majirani wa ukuta mmoja hawana siri.

"Ukuta huu kausimamisha baba yako," Mama Raivo alisema. "Ukiuvunja, univunje na mimi."

Hanta ni mtoto mwema, lakini ulimi wake haujui kusubiri. Akajibu, "Wafu wana nyumba yao kule makaburini, mama. Hii ni ya walio hai."

Nilisimama na shuka mkononi. Kisha nikamsikia mama, taratibu kabisa, "Basi ijenge uikae. Maji yangu hutayapata."

Jioni ile aliondoka kwenda kukaa kwa mdogo wake Bodo, ng'ambo ya mashamba.

Kwetu neno hilo ni zito kuliko tusi. Nyumba mpya, hata iliyofanyiwa ukarabati tu, haikaliwi kwa amani mpaka mzazi asimame kwenye pembe ya kaskazini mashariki, ambayo ni pembe ya wazee, awaite waliotangulia, awatajie jina la mtoto wake, anyunyize maji na kupaka udongo mweupe ukutani. Mchungaji naye huja akaomba, lakini hata mchungaji hungoja mzazi amalize. Mtoto aliyenyimwa maji hayo anaweza kuwa na jiko zuri kuliko la balozi, na bado watu watampita kwa huruma.

Hanta aliendelea na kazi kwa sababu ukuta ulikuwa umekwisha kubomolewa nusu, na nusu ya ukuta haimsaidii mtu. Alisema mama akiliona jiko atalainika. Mimi pia niliamini hivyo. Lakini kazi ilipokaribia kuisha, Mama Raivo alianguka kwa Bodo akiwa anachambua mchele, na alipoinuliwa upande wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi umekwenda nao. Hanta alikimbia kule. Akarudi usiku huo macho makavu.

"Aligeuza uso ukutani," aliniambia.

"Ni ugonjwa, Hanta."

"Shingo yake ni nzima, dada Volo. Aliniona, akageuka. Amenikataa na hana tena mdomo wa kunirudisha."

Nilimwambia yale watu wanayoambiana, kwamba mzazi hamkatai mwana, kwamba Mungu ni mwema. Hakuniamini, na kusema kweli mimi mwenyewe sikujiamini sana.

Basi ndivyo tulivyoanza kazi siku ile, wanawake wawili na nyumba iliyojaa vumbi, mmoja wetu akisafisha kana kwamba anaweza kusugua mpaka asamehewe. Tulimwaga unga wa mbao uliolowa sakafuni ili vumbi lisiruke, tukafagia kutoka mashariki kwenda mlangoni, kisha tukarudia. Vumbi la saruji ni ndugu wa madeni, ukidhani limekwisha linakuja lingine. Hanta alipiga magoti na wembe akawa anakwangua tone moja moja la chokaa kwenye mbao, na mimi nikafuta madirisha kwa siki na magazeti ya zamani.

"Sukuma ndoo kaskazini kidogo," nilimwambia, "utaipiga teke."

"Nimeiona."

"Hata ile ya kwanza ulisema umeiona."

Alicheka kidogo, na nilifurahi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu mama yake aanguke.

Maji nayo yalikuwa ya kubembeleza. Mabomba ya kwetu mchana hukauka, na kila tone tulilipandisha kutoka bomba la mtaa kule chini, madumu mawili mawili. Maji ya hapa hayamwagwi mpaka yamechoka. Yale ya madirisha yanaosha kuta, ya kuta yanaosha ngazi ya nje, na yanayobaki yanapewa miche ya vitunguu.

Sakafu ndiyo iliyoniuma. Ni mbao nyekundu za zamani, na kila Jumamosi, tangu nihamie mtaa ule nikiwa bibi harusi, nilimsikia Mama Raivo akizisugua kwa nta. Alisimama kwa mguu wa kushoto, akakanyaga nusu ya nazi yenye makumbi yake kwa mguu wa kulia, mbele nyuma, mbele nyuma, huku akiimba nyimbo za kanisani. Tulikuwa tukimtania kwamba mguu ule wa kulia ungeweza kuvuta mkokoteni. Na huo ndio uliokufa. Nilipolikuta lile kumbi nyuma ya mlango, limelika upande mmoja kwa kukanyagwa, nililirudisha mahali pake haraka kabla Hanta hajaniona uso.

Jua lilipokuwa utosini tukawa tumebakiza kuta. Hanta alichukua upande wa mashariki.

"Njoo uone uchafu wa watu," aliniita.

Nilikwenda. Kwenye pembe ya wazee, pale kilipokuwa kichwa cha kitanda cha mama, kulikuwa na michirizi mitatu myeupe ukutani, kimo cha kifua changu, sambamba.

"Fundi kajifutia vidole," Hanta alisema. "Kuta zote hizi, na kaona ajifutie hapa. Hana hata haya."

Niliitazama. Dari lilikuwa limepakwa chokaa majuzi, na chokaa ilikuwa imedondoka kila mahali, kwenye vizingiti, kwenye bawaba, mpaka juu ya swichi. Nikasema, "Chokaa hiyo. Tia siki kidogo."

Alisugua. Alisugua kwa mikono miwili, na akawa anasema huku anasugua, si kwangu, kwa ukuta.

"Hapa ndipo angesimama. Ningemshika mkono huku, na kikombe cha maji huku. Nitamwambia nini leo wakimpandisha? Karibu, mama, nimekusafishia nyumba usiyoitaka?"

"Utamwambia karibu, basi. Mengine mwachie Mungu."

"Ningeurudisha ukuta, dada Volo. Ningekuwa najua kuujenga, ningeurudisha na upinde wake wote."

Alama ile ilitoka upesi kuliko nilivyotegemea. Chokaa iliyokauka huwa na kiburi, haitoki kwa kitambaa. Ile ililainika ikateremka kama uji, akakamulia kitambaa ndani ya ndoo, maji yakawa kama maziwa yaliyoingia mchanga. Sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa haulizi maswali.

Tulikula wali na mchuzi wa mboga za majani juu ya gazeti, tukateremshia na maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali. Hanta hakumaliza sahani yake. Kisha nikabeba ile ndoo kwenda kuosha ngazi ya nje, ili wale watakaombeba mama wasimpandishe juu ya vumbi jekundu. Nilimwaga kwenye vidato vya juu nikaanza kusugua kwa ufagio wa chelewa, nikishuka.

Nilikuwa katikati ya ngazi alipotokea Fundi Benja, kofia yake ya majani nyuma ya kichwa. Alikuwa ameacha ngazi yake ya mbao darini, na amepata kazi nyingine kule bondeni.

"Nivulie viatu, Benja," nilimwambia. "Wewe umekwisha kuichafua nyumba hii mara moja."

"Mama Volo, mimi nakujengea, wewe unanifukuza?"

"Hukunijengea mimi. Na vidole vyako ungefutia kwenye suruali, si kwenye kuta za watu."

Alicheka, akavua viatu, akapanda. Nilisikia akimsalimia Hanta na kumpa pole ya mama. Nilimsikia akivuka sakafu. Halafu hatua zake zikasimama.

"Imekwenda wapi?" aliuliza.

"Ipi? Ngazi yako si iko darini?"

"Alama ya mama yako. Ilikuwa hapa. Ule udongo."

Niliacha kusugua.

"Udongo gani?" Hanta aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hajakwambia?" Benja naye akawa anaanza kuogopa. "Mimi nilidhani alikwambia zamani. Mama yako alikuja hapa, Hanta. Siku ya soko, wewe ukiwa umekwenda kununua nta. Alikuja peke yake kutoka kwa dada Bodo, kwa miguu, na magoti yale. Mimi ndiye niliyemshika mkono ngazi nzima, alipumzika kila kidato. Alikuwa na udongo mweupe ndani ya leso, na chupa ya maji."

Nilipanda hadi mlangoni, ndoo mkononi. Hanta alikuwa amesimama katikati ya chumba, kitambaa begani, hasogei.

"Alisemaje?" aliuliza.

"Kwanza aliangalia jiko. Alifungua bomba, halikutoa kitu, akasema hata jiko la mzungu linangoja maji ya mtaani." Benja alikohoa. "Kisha akaenda pale pembeni akamwita mumewe kwa jina. Akasema, ukuta wako wameuvunja, na ulikuwa umepinda, tangu zamani nilitaka kukwambia. Akasema, mwanao ni mbishi kama wewe, kaufanya huu ubishi kwa ajili ya miguu yangu. Nimeuridhia. Msimwache, wala msimhesabie lile neno. Akanyunyiza maji yake, akapaka udongo kwa vidole vitatu. Akaniambia nikipaka rangi niikwepe."

"Na kwa nini hakuniambia?"

"Alisema nifunge mdomo, atakwambia mwenyewe siku ya kuifungua, mbele ya watu. Alisema," na hapo Benja akatazama vidole vya miguu yake, "alisema, mwache anune kidogo, adabu imwingie."

Hanta alikaa chini sakafuni. Aliinua mikono yake, ile mikono iliyokuwa bado na harufu ya siki, akaitazama mbele na nyuma kama si yake.

"Nimeifuta," alisema. "Alikuja kwa miguu akanipa, na mimi nimeifuta kwa mkono wangu."

Sijawahi kumwonea mtu uchungu kama nilivyomwonea siku ile, na sijawahi kumkasirikia maiti wala mgonjwa kama nilivyomkasirikia Raivo kwa dakika ile moja. Kununa kidogo! Wazee wetu wana tabia hii ya kuweka msamaha kabatini kama nguo ya sikukuu, na wanasahau kwamba kuna wanaofariki kabla ya sikukuu. Lakini hasira ile haikudumu, kwa sababu nilikuwa nimemwona katika mawazo yangu akipanda vidato vile, akipumzika kila kimoja.

"Maji yako wapi?" Hanta aliuliza ghafla. "Ya ukutani, dada Volo. Yale niliyokamulia."

Nilitazama ndoo. "Nimekwisha mwaga nusu kwenye ngazi," nilisema.

Aliinuka akaichukua mkononi mwangu, akaibeba taratibu, asitikise, akaiweka kwenye ile pembe. Akapiga magoti mbele yake. Sidhani alikuwa na mpango wowote. Alikaa tu pale kama mtu anayelinda kitu. Benja alikwenda darini kuchukua ngazi yake, kisha akarudi akiwa hana kitu, akasimama karibu na mlango kofia mkononi.

Ndivyo Bodo alivyotukuta. Tulisikia sauti yake kwanza, akiwaamuru wale vijana wawili wa ukoo, shikeni vizuri, mnambeba mtu si gunia. Walikuwa wamemkalisha Mama Raivo kwenye kiti cha mbao na kumfunga kwa shuka jeupe kifuani asianguke. Vidato vilikuwa bado vimelowa. Walimpandisha juu ya maji yale niliyoyamwaga, na Bodo akapiga ulimi kwa karaha.

"Mnaosha ngazi mgonjwa anapita? Na hiyo ndoo ya matope inafanya nini ndani, tena kwenye pembe hiyo? Hanta, una akili kweli? Itoe."

"Iache, mama mdogo," nilisema mimi.

Walikiweka kiti katikati ya chumba. Mama Raivo alikuwa amekonda, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka. Lakini macho yalikuwa yale yale. Alitazama jiko jipya. Alitazama mahali ukuta ulipokuwa. Kisha akatazama pembe ya kaskazini mashariki, akaitafuta alama yake kwa muda mrefu, na hakuiona.

Hanta alimsogelea kwa magoti, na ndoo akaivuta pamoja naye.

"Mama, nimeifuta," alisema. "Sikujua ni yako. Nilidhani ni uchafu wa mafundi. Benja ameniambia sasa hivi maneno yako yote, na mimi nimekwisha ifuta. Iko humu."

Mama Raivo aliutazama uso wa mwanawe, kisha akateremsha macho kwenye ndoo. Yalikuwa maji mabaya, nisiyafiche. Yalikuwa na saruji, na rangi, na mbu aliyekufa, na yalinuka siki. Mkono wake wa kushoto ulianza kutambaa juu ya shuka, ukateleza ukingoni mwa kiti.

"Anataka maji ya kunywa," Bodo alisema. "Leteni kikombe."

Mkono haukungoja kikombe. Ulishuka mpaka ndani ya ndoo, ukazama hadi kwenye kifundo, ukakaa humo kidogo kana kwamba unatafuta kitu chini. Kisha akauinua, maji ya kijivu yakichuruzika kwenye mkono wa blauzi yake ya kanisani, akauweka juu ya kichwa cha Hanta. Kitambaa cha kichwani cha Hanta kilikuwa kimeshaanguka. Maji yalipita kwenye nywele, yakapita kwenye paji la uso, yakafika mdomoni, na Hanta hakufumba macho wala hakujifuta. Midomo ya mama ilikuwa inakwenda. Sauti haikutoka, lakini sote tuliokuwa mle ndani tunayajua maneno hayo tangu utotoni, na nikamwona Bodo naye akiyafuata kwa midomo, machozi yakimshuka.

Benja alivaa kofia yake, kisha akakumbuka aliko, akaivua tena.

Tulimlaza Mama Raivo upande wa mashariki, kichwa kikiwa karibu na ile pembe, na kutoka kitandani aliweza kuliona jiko. Alikaa nasi mpaka mvua za kwanza. Jumamosi watu walipokuja kuifungua nyumba, mchungaji aliuliza kama mzazi ameshatoa maji yake, nami nilimjibu kabla mtu hajafungua mdomo kwamba ameshayatoa, aendelee na sala zake.

Lakini alasiri ile, baada ya vijana kuondoka, kazi ilikuwa bado haijaisha. Sakafu ya mbao haipendi maji, na maji yalikuwa yamedondoka kila mahali. Nilichukua kitambaa kikavu nikafuta kutoka mlangoni kuja ndani, nikafuta chini ya kiti, nikafuta kando ya ndoo. Nilipofika pale Hanta alipokuwa amepiga magoti, niliacha pakauke penyewe.